Chiriku Sokoni: Mji Wetu na Biashara ya Ndege wa Porini



Kutoka ukumbi huu hadi Soko Kuu la Kariakoo ni mwendo wa miguu. Jengo lile, alilolichora Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021 na likajengwa upya. Mitaa inayolizunguka, Mkunguni, Tandamti, Kongo, Msimbazi, inapokea vitunguu vya Singida, mchele wa Mbeya, viazi vya Njombe na matenga ya kuku wa kienyeji kutoka mikoa ya kati. Sisi wa Dar es Salaam mara nyingi hatujui shamba liko wapi. Tunajua bei.

Nimeombwa nizungumzie utegaji haramu wa ndege waimbao na biashara ya wanyamapori hai. Huenda mlitarajia nianze na msitu, mtego, na kijana mwenye manati. Nitafika huko. Nimeanzia sokoni kwa sababu nimeifuatilia historia ya biashara hii katika nchi yetu, na kila nilipotazama nimekuta inaendeshwa na vitu viwili: mnunuzi na karatasi. Vyote viwili viko mjini. Mtegaji yuko mbali, ni maskini, na akikamatwa leo kesho yupo mwingine. Mnunuzi akikosekana, mtego hauna kazi.

Tuwajue kwanza ndege wenyewe. Chiriku mnamfahamu, hata kama hamjawahi kumtazama kwa makini: kifua cha manjano, uso wenye mistari myeusi, uzito wa gramu kumi na kitu tu. Dume hupanda juu ya mti asubuhi akaimba mfululizo, na uimbaji huo ndio uliomponza. Hula mbegu za nyasi na magugu. Wapo mishigi, wadogo kuliko yeye, wengine wa buluu ya kupendeza, ambao hutembea kwa makundi na kwa hiyo huangukia wavuni kwa makundi. Yupo fumbwe mwenye mkia mrefu wakati wa kupandana. Yupo kurumbiza, ambaye sauti yake husikika muda mrefu kabla hajaonekana. Yupo shore, anayetuamsha hapa mjini katika miti michache iliyobaki.

Halafu yupo cherero, kasuku mdogo wa kijani mwenye mdomo mwekundu. Cherero haimbi kama chiriku, lakini historia yake ndiyo inayofafanua historia ya wenzake wote, kwa hiyo mniruhusu nikae naye. Nchi yetu ina aina mbili za cherero ambazo karibu ni zetu peke yetu. Mmoja ana kichwa cheusi na ukosi wa manjano. Kwa asili haishi popote duniani isipokuwa Tanzania, katika nyanda za kati, huko huko yanakotoka matenga ya kuku. Mwingine ana uso wa rangi ya machungwa, anaishi kusini na kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria, Serengeti, Maswa, hadi pande za Nzega na Singida, na wataalamu walimpa jina la Gustav Fischer, mpelelezi Mjerumani aliyepita Afrika Mashariki katika karne ya 19.

Mwaka 1987, cherero huyu wa Fischer alikuwa ndege wa porini aliyeuzwa kwa wingi kuliko wote katika biashara ya kimataifa. Naomba mlisikie hilo vizuri. Ndege wa Usukumani, anayelala katika matundu ya miti na kuiba mtama wa wakulima, ndiye aliyeongoza dunia nzima. Kati ya kasuku wote walioingia nchi za Jumuiya ya Ulaya wakati huo, kama asilimia 80 walikuwa yeye. Miaka hiyo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza nje ndege hai wengi kuliko zote, tukisimama bega kwa bega na Senegali. Chiriku, mishigi na mafumbwe wetu walikuwa wanaimba katika sebule za Ujerumani, Uholanzi na Marekani.

Na walikuwa wanaondoka kihalali. Hilo ndilo linalonisumbua. Kulikuwa na leseni, mgao wa kila mwaka, mihuri na ankara. Tanzania ilikuwa mwanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwenye faili kila kitu kilikuwa sawa, huku kule porini makundi ya ndege yakipungua. Mgao uliwekwa bila mtu kuwahesabu ndege kwanza. Ukitoa ruhusa ya kuchota bila kujua kisimani kuna maji kiasi gani, ruhusa hiyo haimlindi yeyote. Walipokwenda wataalamu kuhesabu, hali ya cherero wa Fischer ilionekana wazi, na mwaka 1993 CITES ilizitaka nchi wanachama zisimame kumpokea kutoka Tanzania. Mpaka leo yuko katika orodha ya ndege wanaokaribia hatari, miaka mingi baada ya biashara halali kufungwa. Ndege wa jamii ya kasuku hawazaliani kama panya.

Mwaka 1996 shirika la uhifadhi la IUCN lilichapisha kitabu kizima kuhusu biashara ya ndege hai nchini Tanzania, kilichohaririwa na Leader-Williams na Tibanyenda. Nawashauri wanafunzi mkitafute. Picha inayojitokeza katika tafiti za aina hiyo ni ile ile ambayo wakulima wa korosho na pamba wanaijua: anayelala porini na kupanda mbuyu anapata senti, dalali wa wilayani anapata kidogo zaidi, mwenye leseni mjini anapata fedha, na mwenye duka la ndege Ulaya anapata utajiri. Hasara nayo inagawanywa, lakini kwa mpangilio mwingine. Ndege wanaokufa ndani ya kiroba, kwenye lori, au kwenye banda wakisubiri ndege ya kwenda nje, hawaonekani katika ankara yoyote. Kiumbe wa gramu kumi na mbili hana akiba mwilini. Siku moja bila maji na punje, katika joto la boksi lililofungwa, inatosha kummaliza. Kwa hiyo idadi iliyoandikwa kwenye kibali siku zote ilikuwa ndogo kuliko idadi iliyotolewa porini.

Sasa nije kwa mtegaji, kwa sababu sipendi aonewe.

Wengi humu ndani mlitega mlipokuwa watoto. Mlichemsha utomvu wa mfenesi mkapata ulimbo, mkaupaka kwenye vijiti, mkaweka karibu na maji. Mliweka tanzi la uzi, au ungo ulioinuliwa kwa kijiti chenye kamba. Mtoto anayenasa tetere mmoja kwa siku nzima ya kuvizia si mtu ninayemtafuta leo. Wala sizungumzii watu wa Kondoa, ambao kwa ufundi wa asili wa vikapu na nyavu hunasa kwelea-kwelea kwa ajili ya kitoweo. Kwelea-kwelea ni jambo jingine kabisa: huja kwa mamilioni, kila mmoja hula kama gramu kumi za nafaka kwa siku, na njia ya serikali ya kupambana nao ni kunyunyizia sumu kwa ndege za angani, sumu ambayo haichagui bundi, mwewe wala nyuki. Mimi binafsi naona mtu wa Kondoa anayewanasa na kuwala anafanya kazi safi kuliko sumu, mradi achunge kisiachwe wavuni kiumbe kisichohusika. Nayasema haya ili asitokee mtu akadhani naomba kila mwenye wavu afungwe.

Ninayemzungumzia ni yule anayetega kwa oda. Amepigiwa simu, ameambiwa aina na idadi, amepewa fedha ya kuanzia. Yeye hutumia ndege chambo: dume la chiriku lililofungiwa tunduni huimba, madume mengine huja kumfukuza, yanaangukia ulimboni. Huchagua madume kwa sababu ndiyo yaimbayo. Kijiji kinabaki na majike, na msimu unaofuata hakuna vifaranga. Mtu anaweza kumaliza chiriku wa bonde zima bila kuua hata mmoja kwa mkono wake.

Mnunuzi wake yuko wapi? Miaka ya 1980 alikuwa Rotterdam na Miami. Baadaye mambo yalibadilika, na mabadiliko hayo ni ushahidi mkubwa kuliko wote nilio nao. Marekani ilipitisha sheria ya kulinda ndege wa porini mwaka 1992. Mashirika ya usafiri wa anga, moja baada ya jingine, yakakataa kubeba ndege waliokamatwa porini. Oktoba 2005, kwa hofu ya mafua ya ndege, Umoja wa Ulaya ulisimamisha uingizaji wa ndege wa porini, na Julai 2007 ukaufanya uamuzi huo kuwa wa kudumu. Watafiti waliopitia kumbukumbu za CITES walikuta kwamba biashara halali ya ndege wa porini duniani ilishuka kutoka kama milioni 1.3 kwa mwaka hadi kama 130,000. Asilimia 90 iliondoka. Hakuna askari wa wanyamapori aliyeongezwa Usukumani kufanikisha hilo. Mnunuzi alifungiwa mlango, na mnyororo mzima ukalegea.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba biashara hii haizuiliki kwa sababu watu wetu ni maskini, namjibu kwamba ilikwisha kuzuilika mbele ya macho yetu, na umaskini ulikuwepo vilevile.

Lakini mlango mmoja ukifungwa, mwingine hujaribiwa. Tarehe 26 Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya mia moja, wakiwemo twiga wanne na ndege wa aina kadhaa, walipakiwa katika ndege ya jeshi la Qatar katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na kupelekwa Doha. Twiga! Mnyama ambaye huwezi kumficha nyuma ya mlango. Suala lile lilitikisa Bunge, na mwaka 2014 mshtakiwa mkuu, raia wa Pakistani, alihukumiwa kifungo cha miaka 60 akiwa ameshatoroka nchini. Machi 2016 wakakamatwa watu huko huko KIA na tumbili 61 waliokuwa wapelekwe Albania. Mei mwaka huo Waziri Jumanne Maghembe alitangaza kusimamisha usafirishaji wote wa wanyamapori hai kwenda nje kwa miaka mitatu. Marufuku hiyo ikaendelea baada ya miaka mitatu kwisha. Juni 2022 likatoka tangazo kwamba mlango utafunguliwa kwa miezi sita, ili wafanyabiashara waliobaki na wanyama mazizini wawamalize. Wananchi walipiga kelele, na haikupita hata wiki tangazo hilo likasitishwa na Waziri Pindi Chana.

Nina neno kwa wafanyabiashara wale wenye leseni, kama kuna waliokuja. Wapo kati yenu waliofuata sheria kama ilivyokuwa, wakajenga mabanda, wakalipa ada, na siku moja wakaamka wamefungiwa. Madai yenu kwa serikali yasikilizwe kwa haki na yamalizwe. Haifai mtu aliyepewa kibali na dola aachwe na wanyama wa kulisha kwa miaka bila jibu. Ila fidia itolewe kwa fedha, isitolewe kwa kufungua tena mlango hata kwa miezi sita. Miezi sita ya kibali inatosha kumtajirisha kila anayekamata leo na kuandika kwamba alikamata kabla ya 2016. Chiriku hana tarehe mwilini. Ukimtia katika zizi lenye kibali, saa hiyo hiyo anakuwa halali, na hakuna ofisa duniani atakayeweza kumtofautisha na mwenzake.

Sheria yenyewe tunayo, na si dhaifu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, wamekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini kwa niaba yetu. Ni mali yako wewe mama muuza maandazi pale Gerezani. Sheria hiyo hiyo inamhesabu mnyama, awe hai au mfu, kuwa nyara. Yaani chiriku aliyemo tunduni bila kibali yumo katika kundi moja na jino la tembo. Naijua hofu iliyopo hapo: hakuna hakimu atakayependa kumtupa gerezani kijana kwa ndege watano, na mimi sitamlaumu hakimu huyo. Matokeo yake ni kwamba askari anapita, anaona, anageuza shingo, kwa sababu adhabu iliyoko kitabuni ni kubwa kuliko kosa lililoko mbele yake. Hapo ndipo chiriku anapopotea.

Siku moja katika mtaa wa Kariakoo ambao sitautaja, kijana mwenye tundu mkononi alinisimamisha. Alikuwa na adabu zote.

"Shikamoo, mzee. Hawa chiriku nakufanyia bei."

"Marahaba, mwanangu. Umewatoa wapi?"

"Wanaletwa. Mimi napewa asubuhi, nikiuza nakatiwa changu. Wakifa, nalipa mimi."

Nikamwambia alichokuwa anakifanya ni kosa kisheria. Hakubisha. Aliniuliza, "Sasa mzee, nikiacha hii nile nini?" Nilikaa naye kwa muda. Alikuwa machinga kama machinga wengine wote wa eneo lile, na kabla ya ndege alikuwa anauza soksi. Angeweza kurudi kwenye soksi kama angepata mtaji wa soksi. Ndege alipewa kwa mali kauli, bila mtaji, ndiyo maana aliwachukua. Wakifa, deni linabaki shingoni kwake. Yaani aliyewaleta amejikinga na kila hatari: hatari ya polisi ni ya kijana, hatari ya kifo cha ndege ni ya kijana, faida ni yake. Ukimkamata kijana huyu umemsaidia tajiri wake kupunguza deni la mtu mmoja na kutafuta mwingine.

Mbinu ya kumfikia anayeleta tunaijua, kwa sababu tumewahi kuitumia katika mji huu huu. Tembo wetu walikuwa 109,051 mwaka 2009, wakabaki 43,330 mwaka 2014. Miaka ile tulikamata majangili wengi sana porini na tembo wakaendelea kuisha. Hali ilianza kugeuka tulipoanza kubisha hodi milango ya mjini. Novemba 2013 pembe 706 zilikutwa katika nyumba Mikocheni. Mwaka 2015 alikamatwa Yang Fenglan, mfanyabiashara aliyekuwa na mgahawa hapa Dar es Salaam, na Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ikamhukumu kifungo cha miaka 15. Mikocheni na Kisutu, ndugu zangu. Si Ruaha, si Selous. Waliomfikia walifuata fedha, simu na magari. Nani anampa kijana ndege asubuhi? Wanashushwa wapi? Nani alilipia nauli ya mzigo? Haya ni maswali ya mpelelezi wa kawaida, na majibu yake hayahitaji darubini.

Sasa nizungumze na watu ambao, kwa maoni yangu, wana nguvu kubwa kuliko polisi katika jambo hili. Wauza kuku.

Mfugaji na muuza kuku anaujua ugonjwa wa kideri kuliko mtu yeyote. Jumanne una kuku mia, Jumamosi una manyoya. Kasuku na ndege wengine wa porini wanaweza kubeba virusi vya kideri bila kuonyesha dalili kwa muda mrefu. Mwaka 1971 jimbo la California kule Marekani liliingiliwa na kideri kikali kilichohusishwa na kasuku walioagizwa kutoka nje kwa ajili ya kufugwa majumbani. Mpaka kilipodhibitiwa, karibu kuku milioni 12 walikuwa wameteketezwa. Milioni 12, kwa sababu ya watu waliotaka kasuku sebuleni. Na ule uamuzi wa Ulaya wa 2005 ulikuja wakati mafua makali ya ndege yalipogunduliwa kwa ndege wa biashara waliokuwa karantini Uingereza. Tundu la ndege wa porini linalowekwa juu ya tenga la kuku ni hatari kwa mtaji wa watu wote katika safu ile ya mabanda. Muuza kuku ana haki kamili ya kumwambia jirani yake, kwa upole lakini kwa uthabiti, kwamba hawa hapa hawakai. Nawaomba viongozi wa wafanyabiashara wa Kariakoo, Kisutu na Shekilango waliweke jambo hili katika kanuni zao wenyewe. Anayekuja na ndege wa porini asipate meza, asipate kivuli, asipate mtu wa kumwachia mzigo aende kuswali.

Kuna watakaosema, mzee, unatisha watu. Hapa kwetu tunazungumzia vitundu vichache tu. Ni kweli kwamba Dar es Salaam haijawa Jakarta, na ninazungumza leo ili isiwe. Katika kisiwa cha Java, ulipo mji huo, kufuga ndege aimbaye ni heshima ya mwanamume, na mashindano ya uimbaji yana zawadi kubwa. Julai 2014 watafiti wa TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori, waliingia katika masoko matatu ya ndege ya Jakarta, Pramuka likiwemo, na kwa siku tatu wakahesabu ndege 19,036 wa aina 206. Wengi wao walitoka misituni. Misitu ya Java inasimama, mito inatiririka, na ndani yake kuna maeneo ambayo mtu anatembea asubuhi nzima bila kusikia ndege waliompa babu yake majina ya nyimbo. Mapenzi ya ndege ndiyo yaliyofanya hivyo. Wale watu hawawachukii ndege. Wanawapenda mno, na wanawapenda ndani ya tundu.

Hapa kwetu kimya cha mjini tumezoea kumlaumu kunguru, yule wa Kihindi aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ale uchafu, akavuka bahari na kuujaza mji wetu. Anastahili lawama: anakula mayai na makinda ya shore na mnana bila huruma, na kila aliyefuga vifaranga vya kuku Ilala anamjua. Lakini ndege waliopungukiwa tayari na kunguru na miti iliyokatwa ndio hasa wasioweza kuhimili mtego juu yake.

Sisemi kwamba kupenda kufuga ni dhambi. Njiwa wamefugwa Pwani hii tangu enzi za mababu, na mapaa ya Ilala yana mabanda yao. Wapo kasuku wadogo wa Australia waliozaliwa tunduni vizazi na vizazi. Hata tausi wa Ikulu, ambao Rais Magufuli aliwagawia viongozi wastaafu mwaka 2020, wamezaliana bandani. Anayetaka ndege nyumbani anao wa kufuga bila kugusa pori. Na akiambiwa kwamba kasuku fulani amezalishwa bandani, aombe kuona pete mguuni, ile isiyo na maungio. Pete ya aina hiyo huingia mguuni mwa kinda katika siku zake za mwanzo tu. Ndege mkubwa aliyenaswa porini haimwingii. Muuzaji akikosa pete na karatasi, ondoka.

Nimalizie na jambo linalowagusa wenye huruma, maana wao ndio wananunua zaidi ya wanavyodhani. Yupo mtu anayepita, anawaona mishigi wamebanana tunduni, moyo unamuuma, anawalipia wote na kuwaachia pale pale Mnazi Mmoja. Nia yake naiheshimu. Lakini muuzaji amepata fedha kamili, amepata kwa haraka, na kesho ataagiza matundu mawili. Na ndege wenyewe hawakwenda nyumbani. Kundi la nyanda za kati haliujui mji huu, kunguru wanaujua. Wale cherero wa kichwa cheusi wanaoonekana hapa Dar es Salaam kwa miongo mingi si wenyeji. Wametokana na ndege waliotoroka matunduni. Kule Naivasha nchini Kenya cherero waliotoroka wa aina zetu zote mbili wamepandana, na sasa kuna makundi ya machotara ambayo hayafanani sawasawa na mzazi yeyote. Kumwachia ndege mahali pasipo pake ni kuongeza tatizo jingine juu ya lile la kwanza.

Kinachohitajika ni mahali. Ndege akikamatwa sokoni leo, ofisa wa TAWA, mamlaka ya serikali ya usimamizi wa wanyamapori, anahitaji chumba chenye kivuli, maji, mtama, na daktari wa mifugo wa kumwangalia kideri kabla hajasafirishwa kurudi Singida au Maswa. Bila chumba hicho, ofisa mwenye moyo mzuri anaogopa kukamata, kwa sababu anajua watamfia mkononi mbele ya kamera za simu. Halmashauri ya Jiji ina maofisa mifugo wanaokagua kuku wetu. Naiomba itenge chumba kimoja karibu na masoko haya, iwape maofisa hao kazi hiyo kwa kushirikiana na TAWA, na ibandike namba yao ya simu kwenye milango ya Soko Kuu, kwa maandishi makubwa ambayo mama mwenye kikapu anaweza kuyasoma bila kusimama. Kwa vijana wanaotembeza matundu, fedha za mikopo ya halmashauri kwa vijana zipo kisheria, asilimia zinajulikana. Viongozi wa machinga wawapeleke wakaombe mtaji wa soksi.

Sasa nitasikiliza maswali, na kama mwenyekiti ataniruhusu, wauza kuku waanze.